Bei ya Gari Hushuka, Bei ya Spea Haishuki

Miongoni mwa bidhaa zote zinazoteremshwa bandarini petu, hapana inayovuta macho ya wapita njia kama gari. Na katika magari yenyewe ipo aina inayovuta macho zaidi: Range Rover, Mercedes-Benz ya daraja la S, BMW ya namba saba. Gari la namna hiyo limekwisha tumika nchi ya mbali kwa miaka kumi au kumi na mitano, lakini rangi yake ingali inang'aa, ngozi ya viti vyake haijachanika, na mlango wake hufungwa kwa mlio mzito wa kitu kilichoundwa kwa gharama. Kisha inatajwa bei, nayo hukaribiana na bei ya Toyota ya kawaida isiyo na miaka mingi. Hapo ndipo penye mtihani.

Wanaofikwa na mtihani huu ni watu wa kila tabaka: mfanyabiashara wa Darajani, mwalimu mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake, afisa wa Serikali aliyekubaliwa mkopo wa benki, na kijana aliyerudi kutoka Arabuni na akiba ya miaka sita. Kila mmoja husimama mbele ya gari hilo na kujiuliza: kwa nini nisilichukue? Swali hilo ni halali. Safu hii haikusudii kumkebehi mtu aliyetamani kitu kizuri, kwani kutamani kizuri si dhambi. Tunakusudia kulijibu swali hilo kwa hesabu, maana wengi hulijibu kwa macho.

Yafaa kwanza tujiulize gari hilo limekuwaje likawa rahisi kiasi hicho. Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayofika visiwani hutoka Japani, na mengine hutoka Uingereza, kwa kuwa nchi hizo huendesha upande wa kushoto kama sisi. Katika Japani, gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa sheria baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo pamoja na ada zake ni mzigo mkubwa kwa mwenye gari. Isitoshe, gari la petroli likipindukia miaka 13 huongezewa kodi ya mwaka. Kwa hiyo Mjapani hana sababu ya kuling'ang'ania gari lililozeeka, na wengi huyauza magari yakiwa bado mazima. Hiyo ndiyo habari njema, nayo ni ya kweli.

Lakini upo upande wa pili wa habari hiyo. Mwenye gari la fahari huko ng'ambo anajua, kwa kuwa fundi wake amemwambia, ni matengenezo gani yanayokuja mwaka ujao. Akiona kwamba gharama ya matengenezo inakaribia thamani ya gari lenyewe, huliuza kabla ya siku hiyo kufika. Hivyo bei ndogo hubeba maana mbili: yawezekana imetokana na kodi na desturi za nchi nyingine, na yawezekana imetokana na ugonjwa unaojulikana na muuzaji na usiojulikana na mnunuzi. Kwa kutazama rangi na viti, mtu hawezi kuzitofautisha maana hizo mbili.

Sasa tufikie jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Gari la fahari linapozeeka, bei yake hushuka upesi kuliko ya gari la kawaida. Gari lililouzwa jipya kwa thamani ya nyumba nzuri laweza, baada ya miaka kumi na mitano, kuuzwa kwa sehemu moja katika kumi ya thamani hiyo. Lakini spea zake hazikushuka pamoja nalo. Giaboksi yake ingali giaboksi ya gari la thamani ya nyumba, na taa yake ya mbele, kompyuta yake na pampu yake ni vivyo hivyo. Kiwanda hakimuulizi mteja gari lake alilinunua kwa bei gani. Mtu anayenunua gari hilo kwa sehemu moja ya kumi huwa amepunguziwa bei ya kulimiliki tu. Bei ya kulitunza imebaki palepale, na aghlabu imepanda.

Wahenga wa pwani walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na tulitazame jinsi gari la fahari lilivyoundwa. Tuchukue Range Rover, maana ndiyo inayotamaniwa zaidi. Gari hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 1970 lilikuwa chombo cha shamba na safari, lenye springi za chuma na sakafu iliyoweza kuoshwa kwa mpira wa maji. Mwaka 1992 baadhi ya magari hayo yakaanza kutolewa yakiwa na mifuko ya mpira iliyojazwa hewa mahali pa springi. Kizazi cha tatu, kilichouzwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2012, ambacho ndicho tunachokiona zaidi katika soko la mitumba, kilikuja na mifuko hiyo katika magurudumu yote manne.

Mifuko hiyo huleta raha isiyo kifani. Gari hupita juu ya mashimo kama jahazi lenye upepo mzuri. Lakini mpira huzeeka kwa miaka, hata kama gari halikutembea kilomita nyingi. Ukipata ufa mdogo, hewa huvuja polepole, na kompresa inayosukuma hewa hulazimika kufanya kazi saa nyingi kuliko ilivyokusudiwa, hata nayo ikaungua. Hivyo mtu anayepuuza mfuko mmoja uliovuja hujikuta analipia mfuko na kompresa pamoja. Springi ya chuma ikivunjika, fundi yeyote wa Mwanakwerekwe aweza kuibadilisha kabla ya adhuhuri. Mfuko wa hewa unahitaji spea yake yenyewe, na mara nyingi mashine ya kompyuta ya kupanga upya urefu wa gari.

Hali kadhalika na giaboksi. Magari mengi ya fahari ya Ulaya ya miaka hiyo yalifungwa giaboksi za kampuni ya ZF ya Ujerumani, na baadhi ya watengenezaji wa magari waliwaambia wateja kwamba oili yake ni ya maisha. Kampuni ya ZF yenyewe hushauri oili hiyo ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mwenye gari wa kwanza, aliyekusudia kulitumia miaka minne tu, hakuwa na hasara yoyote kwa kuamini neno la maisha. Hasara humfika mwenye gari wa tatu, aliye Unguja au Pemba. Na mabomba ya plastiki yanayopitisha maji ya kupoza injini, yakipata joto la miaka mingi, huwa makavu na kupasuka. Maji yakimwagika na dereva asitambue, injini ya aluminiamu hupinda kichwa chake kwa muda mfupi.

Pamoja na hayo yote yanayomhusu kila mnunuzi popote alipo, sisi tuna mambo yetu ya kisiwa. La kwanza ni chumvi. Gari lililotumika Uingereza, au kaskazini ya Japani, limepita barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu, na kutu huanzia chini mahali pasipoonekana. Likifika kwetu hupokewa na upepo wa bahari, wenye chumvi na unyevu, ambao huingia katika viungo vya nyaya. Gari lenye kompyuta moja lina viungo vichache vya kuharibika. Gari la fahari lina kompyuta nyingi zinazosemezana, na mojawapo ikinyamaza, dashibodi nzima huwaka taa.

La pili ni masafa. Unguja kutoka kaskazini hadi kusini haizidi sana kilomita 85, na kutoka Mjini hadi Nungwi ni chini ya kilomita 60. Magari mengi ya dizeli ya kisasa kutoka Ulaya yana chujio la masizi katika bomba la moshi, na chujio hilo hujisafisha gari likienda mwendo wa kasi moja kwa muda wa kutosha. Gari linaloshinda katika foleni ya Darajani na Michenzani halipati nafasi hiyo. Chujio huziba, injini hupoteza nguvu, na mwenye gari hudhani ameuziwa dizeli mbovu.

La tatu, na lililo kubwa kuliko yote, ni bahari. Spea isiyokuwepo kisiwani huagizwa Dar es Salaam. Isipokuwepo huko huagizwa Dubai, Japani au Uingereza. Wananchi wanaokumbuka kiza cha Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya kuharibika kwa njia ya umeme wa chini ya bahari, hawahitaji kuhubiriwa maana ya kisiwa kizima kusubiri kitu kimoja kitengenezwe. Gari la mtu mmoja ni jambo dogo kuliko hilo, lakini kanuni ni ileile: chombo kinachotegemea kitu kisichopatikana karibu, siku kitu hicho kitakapokufa, chombo kizima kimekufa.

Isidhaniwe kwamba tunasema kila gari la fahari ni bovu. Mwaka 1989 kampuni ya Toyota ilianza kuuza Lexus LS 400, ambayo nchini Japani iliitwa Toyota Celsior. Lilikuwa gari la fahari kamili, lenye injini ya silinda nane, nalo lilijipatia sifa duniani kote kwa kudumu miaka mingi bila ya matatizo makubwa. Hivyo fahari na uimara vyaweza kukaa nyumba moja. Mnunuzi na aichunguze aina ile hasa anayoitaka, mwaka wake na injini yake, maana hata kiwanda kimoja hutoa injini imara na injini dhaifu. Mathalan, baadhi ya injini za Mercedes-Benz za silinda sita zilizoundwa takriban kati ya 2004 na 2007 zilijulikana kwa kulika mapema kwa gia ya ndani inayoendesha mhimili wa kusawazisha mtikisiko. Gia yenyewe ni ndogo, lakini kuibadilisha hudai injini itolewe nje. Injini za namna hiyohiyo zilizoundwa baadaye zilirekebishwa. Gari mbili zinazofanana kwa sura zaweza basi kutofautiana kama usiku na mchana.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na tufungue daftari. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba mtu ana shilingi milioni 45. Anaonyeshwa Range Rover ya petroli kwa milioni 40, ushuru umekwisha lipwa, na Toyota ya lita 1.5 kwa milioni 25. Akichukua ya kwanza, hubakiwa na milioni tano. Akichukua ya pili, hubakiwa na milioni 20. Injini ya petroli ya lita 4.4 hunywa mjini, kwa makisio, lita 20 kwa kila kilomita 100. Ile ya lita 1.5 hunywa lita nane. Mtu akienda kilomita 1,000 kwa mwezi, tofauti ni lita 120 kila mwezi, yaani lita 1,440 kwa mwaka. Msomaji na azidishe idadi hiyo kwa bei ya petroli ya wiki hii. Kisha aongeze tairi, bima, oili, na mfuko mmoja wa hewa pamoja na kompresa. Milioni tano zile zitakwisha kabla ya mwaka kumalizika, na gari lenyewe, hata kama atataka kuliuza, halitampata mnunuzi kwa milioni 40.

Kwa sababu hiyo twashauri kipimo chepesi: mtu asiyeweza kununua gari la fahari na siku hiyohiyo kuweka kando theluthi moja ya bei yake kwa ajili ya matengenezo, basi gari hilo bado hajaliweza. Na theluthi hiyo isiwe fedha ya ada za skuli za watoto, wala ya bati la nyumba. Wako watu waliouza kiwanja ili kununua gari, kisha wakauza samani ili kulitengeneza, na hatimaye wakaliuza gari kwa bei ya vyuma. Hasara ya namna hiyo humrudisha mtu nyuma miaka kumi.

Kwa yule ambaye daftari lake limemruhusu, yako mambo ya kutazama kabla ya kutoa fedha. Aombe liegeshwe usiku kucha mahali tambarare, na alfajiri aende kulitazama; pembe iliyoinama ni dalili kwamba hewa inavuja. Aliwashe injini ikiwa baridi kabisa, maana muuzaji anayelipasha moto kabla ya mnunuzi kufika huenda anaficha mlio. Alete fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu, na amuulize pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Hitilafu zikifutwa, majaribio hayo huanza upya na huchukua muda wa kuendeshwa kukamilika, kwa hiyo mashine isiyoonyesha kosa lolote lakini ikaonyesha majaribio hayajakamilika imesema jambo kubwa. Aingie chini ya gari na taa, atazame kutu. Gari likiwa limetoka mnadani Japani, aitake karatasi ya ukaguzi ya mnada, alinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile za dashibodi, na akiona alama ya R ajue gari hilo liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Mwisho, aulize ni nani mwengine kisiwani mwenye gari la aina hiyo, amwendee, na amsikilize.

Sasa tuna neno kwa wenzetu waliokabidhiwa ofisi za umma. Mtumishi ambaye gari lake humdai kila mwezi zaidi ya mshahara wake amejiweka katika hatari. Siku taa nyekundu itakapowaka, na mkandarasi mwenye shida ofisini kwake akajitolea kulipia spea, hapo ndipo uadilifu hupimwa, na si kila mtu hufaulu. Ni heri afisa aonekane katika gari dogo lililo lake, kuliko katika gari kubwa ambalo nusu yake ni deni la watu.

Kuhusu magari ya Serikali yenyewe, jirani zetu wametupa funzo. Katika bajeti ya Juni 2009, Uhuru Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha wa Kenya, alitangaza kwamba mawaziri na maofisa wakuu watumie magari yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800, na yale makubwa yarejeshwe. Mawaziri wakapewa Volkswagen Passat. Wako walionung'unika. Lakini hoja iliyokuwa nyuma ya uamuzi ule ilikuwa sahihi, nayo ni kwamba gharama ya gari la umma haimalizikii siku ya kununuliwa, bali huendelea kulipwa na mwananchi kila siku linapokwenda, na hata siku linapokaa gereji.

Yapo mambo matatu ambayo ofisi zetu zaweza kuyatenda pasi na gharama kubwa. Kwanza, magari ya Serikali yanapopigwa mnada, kila gari liambatane na daftari lake la matengenezo, ili mwananchi anunue akijua anachokinunua. Pili, gari linalokaguliwa kabla ya kusajiliwa, kilomita zake na kasoro zake ziandikwe katika hati ambayo mnunuzi yeyote wa baadaye aweza kuiomba na kuisoma. Tatu, vyuo vya mafunzo ya amali, kama vile vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vipatiwe mashine za kisasa za kusoma hitilafu, ili vijana wetu wajifunze magari ya leo kama walivyowahi kujifunza Bedford na Land Rover za zamani. Kisiwa chenye mafundi huweza kumiliki vyombo vingi zaidi kuliko kisiwa chenye fedha pekee.

Kwa mnunuzi binafsi twamwachia maswali matatu, nayo ayaulize mbele ya muuzaji bila ya haya. Je, kipo kisiwani fundi aliyewahi kulifungua gari la aina hii na akalifunga likaenda? Je, spea yake ikiharibika leo, itafika kwa siku ngapi na kwa bei gani? Na je, siku hizo zote nitakwenda kazini na kuwapeleka watoto skuli kwa chombo gani? Mwenye majibu mazuri ya yote matatu, na theluthi yake iko kando, na anunue, alipande kwa furaha, na asimsikilize hasidi. Asiye na majibu hayo arudi nyumbani na fedha zake mfukoni. Meli nyingine ya magari itatia nanga hivi karibuni.